Maganda ya kamba na birika la shangazi

Kila nikipita asubuhi pale ufuoni Malindi wanakomenya kamba, nakuta jaa lile lile: vichwa na maganda yameiva juani, paka wamejipanga, harufu imefika barabarani. Juzi nilimwambia mama mmoja kuwa taka zake zinaweza kuondoa risasi, ile metali yenye sumu, kwenye maji. Akanitazama, kisu mkononi. "Mwanangu, kitu kinanuka hivi kitasafisha nini?"

Swali la haki. Ndani ya ganda mna kitini, polima asilia (yaani molekuli ndefu kama mnyororo) ambayo Mfaransa Henri Braconnot aliieleza mwaka 1811, tena aliitoa kwenye uyoga. Asidi huondoa chokaa ya ganda, soda kali ya kutengenezea sabuni huondoa protini, na ukizidisha soda na moto kitini hugeuka kitosani. Ni naitrojeni iliyomo humo inayozidaka risasi, shaba na zebaki zilizoyeyuka majini.

Mimi kilichonivuta ni birika la shangazi. Maji ya visima vyetu yamepita kwenye mawe ya matumbawe, ndiyo maana birika lina gaga jeupe ndani hata ulisugue vipi. Chokaa hiyo huisumbua alijinati, polima ya mwani wa kahawia inayotumika pia kudaka risasi, kwa sababu nayo huishika chokaa na nafasi ya risasi ikapungua. Kitosani haina habari sana na chokaa. Kwa mji kama wetu, hilo si dogo.

Sasa ugomvi wangu. Wako wanaotaka unga wa kitosani utiwe mitungini majumbani. Hapana jamani. Kwanza, nani amepima kisima chake? Risasi haina rangi wala ladha, na ukiyachemsha maji yakapungua, yenyewe inabaki pale pale, imekolea. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 kwa lita, na ulimi haupimi mikrogramu. Pili, unga ukishashiba risasi utaupeleka wapi? Ukiumwaga uani, kuku watachakura, watoto watachezea, na mvua haichagui pa kupeleka vumbi.

Mahali pake ni kule risasi inakoanzia, kwa wanaofungua betri kuukuu za magari. Mombasa hapo, mtaa wa Owino Uhuru, watu walidhurika kwa risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Maji machafu ya karakana, yakishapunguzwa asidi, yapitishwe kwenye pipa la kitosani kabla hayajagusa mchanga. Unga ukichoka ukusanywe na wenye ujuzi, risasi itolewe, urudi kazini.

Yule mama nilimweleza haya yote. Akanisikiliza vizuri tu, kisha akauliza kilo ya maganda itanunuliwa bei gani. Nikababaika. Akachukua kamba mwingine, akamkata kichwa.