"Nusu kumi" ya Ulaya ni saa tatu na nusu, si saa nne na nusu

Mjerumani akikwambia mkutane "halb zehn", Mholanzi akisema "half tien", mtu wa Denmark "halv ti", Mswidi "halv tio", wote hao watakuwa wamefika saa tatu na nusu asubuhi. Mwingereza akikwambia "half ten", atakusubiri saa nne na nusu. Maneno hayo ni ya ukoo mmoja na nambari ni ileile kumi, lakini ukielewa vibaya umepotea kwa saa nzima. Naamini hili ni jambo la kufundishwa katika wiki ya kwanza ya somo la Kijerumani au Kiholanzi, kabla ya rangi na majina ya matunda, kwa sababu anayekosa rangi husahihishwa hapohapo, ila anayekosa saa hukuta mlango umefungwa.

Tofauti imetoka wapi? Waingereza walikuwa na kirefu chake, "half past ten", yaani nusu baada ya kumi, kisha katika mazungumzo wakaangusha neno la katikati. Wajerumani na majirani zao hawakuangusha chochote. Kwao saa ni kipindi, si nukta. Saa ya kumi inaanza pale saa ya tisa inapokamilika, na "halb zehn" maana yake saa hiyo ya kumi imefika nusu. Ni hesabu ileile inayoufanya mwaka 1950 uwe katikati ya karne ya 20 na si ya 19. Kirusi kinalisema wazi zaidi, "polovina desyatogo", nusu ya ile ya kumi. Wapoland, Wacheki, Wahungaria na Wafini nao wanakwenda njia hiyo. Kifaransa, Kihispania, Kiitalia na Kireno wanajumlisha kama sisi: tisa na nusu. Ndiyo maana Mswahili wa Bujumbura au Bukavu aliyezoea "neuf heures et demie" hujikwaa Ujerumani sawasawa na yule wa Nairobi aliyezoea Kiingereza.

Kosa ninaloliona katika ufundishaji ni kumpitisha mwanafunzi kwenye Kiingereza. Anatoka saa tatu na nusu, anakwenda "half past nine", halafu ndipo anatafuta Kijerumani chake, na huko katikati anaokota ile tisa na kuipachika. Anasema "halb neun". Hiyo ni saa mbili na nusu, na mwenzake atafika saa nzima kabla yake.

Kiswahili chenyewe kina njia fupi. Tunasema saa nne kasorobo, yaani tunaitaja saa ijayo na kupunguza robo. Basi "halb zehn" isikie kama kumi kasoro nusu, na utakuwa umemaliza. Ukitaka kutoka saa zetu moja kwa moja, kwenye nusu ongeza saba: sita za tofauti ya kuhesabu na moja ya saa inayokuja. Saa moja na nusu asubuhi ni "halb acht", nane. Saa nane na nusu mchana, nane na saba ni kumi na tano, toa kumi na mbili, unapata "halb drei". Kurudi, toa saba. Isipotosha, ongeza kwanza kumi na mbili. Inayowaangusha wengi ni "halb eins". Mtu anasikia moja na akili inakimbilia saa saba mchana, kumbe ni saa sita na nusu. Ijaribu hiyo mpaka itoke bila kufikiri.

Robo zina mtego wake. Sehemu kubwa ya magharibi na kaskazini mwa Ujerumani watasema "Viertel nach neun" kwa saa tatu na robo, na "Viertel vor zehn" kwa saa nne kasorobo. Lakini jimbo la Sachsen, na sehemu nyingi za mashariki na kusini, utasikia "viertel zehn" na "dreiviertel zehn": robo ya saa ya kumi, na robo tatu zake. Ya kwanza ni 9:15, ya pili 9:45. Mtu aliyejifunzia Hamburg, kaskazini, akihamia Leipzig, mji wa Sachsen, hudhani wameruka neno "vor", yaani kabla ya, naye anachelewa nusu saa. Wakatalani wa Uhispania wana mpango huohuo hadi kwenye nusu: "dos quarts de deu", robo mbili za kumi, ni 9:30.

Waholanzi wanaifanya nusu kuwa nguzo na kuhesabu dakika kuizunguka. "Tien voor half tien" ni dakika kumi kabla ya 9:30, yaani 9:20. "Vijf over half tien" ni 9:35. Usikimbilie nambari ya mwanzo. Sikiliza kwanza kama kuna "half", itafute nguzo, ndipo usogee mbele au nyuma.

Denmark nusu hiyo imeingia hata kwenye bei. "Halvtreds" ni hamsini, na masikio ya mgeni huisikia kama nusu ya "tres", sitini, akatoa thelathini. Asili yake ni ndefu: nusu ya tatu, yaani mbili na nusu, mara ishirini. "Halvfjerds" ni tatu na nusu mara ishirini, sabini. "Halvfems" ni tisini. Hapa ushauri wangu ni kukariri tu, kwa kuwa hakuna anayepiga hesabu hiyo mbele ya keshia.

Wengine hushauri mgeni atumie saa za tarakimu peke yake, "neun Uhr dreißig", kama kwenye stesheni za treni. Kwa kusema, sawa kabisa. Kwa kusikia haikusaidii, maana mwenye nyumba, jirani na mwalimu wa chekechea watasema "halb" na kuandika "halb 10" kwenye simu. Na hatari kubwa ipo pale mnapozungumza Kiingereza wote wawili: Mjerumani au Mholanzi akisema "half ten", huenda anatafsiri ya kwao, huenda amejifunza ya London. Usikisie. Muulize hapohapo, "9:30 or 10:30?", kisha mwandikie jibu lake kwa tarakimu.