Pilau ya Shangazi na Dola 91

Nina tovuti ya mapishi. Msomaji halipi hata senti. Kinachonilisha ni matangazo, na kampuni ya matangazo haitoi hela mpaka ufikishe dola 100. Baada ya miezi 14 ya pilau, vitumbua na mchuzi wa pweza nilikuwa nimefikisha dola 91. Kichwani nilishazitumia zote.

Tatizo, tovuti za wenzangu zilikuwa zinanimalizia bando. Unafungua habari ya Simba na Yanga, video ya sabuni inaanza kupiga kelele bila kuitwa. Nikaweka kizuia matangazo kwenye kompyuta. Raha iliyoje! Nikakisahau humo.

Wiki moja baadaye nafungua tovuti yangu: nyeupe pe. Hakuna tangazo hata la dawa ya mbu. Nikajua nimeingiliwa na wezi. Nikabandika upya msimbo wa matangazo. Kimya. Nikabandika juu ya pilau, chini ya pilau, katikati ya kitunguu na bizari. Kimya. Hadi usiku wa manane nilikuwa nimebandika mara 11, na bado naona ukurasa safi kama sahani iliyolambwa.

Asubuhi shangazi akapiga kutoka Tanga.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Baba, hii pilau yako ina nini? Natia mafuta, naambiwa nikope. Nakaanga kitunguu, nauziwa kiwanja. Mpaka nimefika kwenye mchele, nyama imeungua!"

Nikafungua kwa simu, isiyokuwa na kile kizuia matangazo. Lahaula! Mchele wenyewe sikuuona. Kwa aibu nikamweleza kwamba hayo matangazo ndiyo ugali wangu, mtu akibonyeza napata chochote. Hapo ningenyamaza. Shangazi ana huruma, halafu ana kundi la WhatsApp la kikoba, kina mama 40.

Jioni dola 91 zikawa 163. Nikacheza mduara peke yangu sebuleni. Saa nne usiku ikaingia barua pepe: mibonyezo si halali, akaunti imefungwa, fedha wanarudishiwa wenye matangazo.

Simu ikaita.

"Baba, tumebonyeza mpaka vidole vimekufa ganzi! Mwenyekiti peke yake kabonyeza kile kiwanja mara 30. Zimeingia?"

"Ziliingia, shangazi."

"Alhamdulillah. Basi Ijumaa tunakuja kwako kula pilau. Kikoba kizima."