Akili mnemba isiwe hakimu wa sauti ya Kigogo

Mwalimu tarajali wa muziki akifanya mazoezi peke yake usiku, anahitaji mtu wa kumwambia kama "fa" yake imeshuka. Mkufunzi keshaenda nyumbani na chumba cha kinanda kimefungwa. Hapo akili mnemba inafaa kweli. Programu ya simu inamsikiliza, inamwonyesha alipokosea solfa, inampigia besi na tenori ili yeye aimbe alto. Hata rasimu ya andalio la somo anaipata kwa dakika chache, akabaki na kazi ya kuirekebisha iendane na darasa la watoto 80 wenye ngoma moja. Chuo chenye mkufunzi mmoja wa muziki hakina sababu ya kuukataa msaada huo.

Wasiwasi wangu ni pale programu inapoachiwa kuamua sauti ipi ni sahihi. Huku Ugogoni, mkoani Dodoma, muziki haukupimwa kwa kinanda. Ilimba, ala ya vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, na zeze, pamoja na uimbaji wetu wa sauti nyingi, vinafuata sauti za asili zilizomo ndani ya uzi. Uzi unaotetema mara 110 kwa sekunde hutoa pia sauti nyembamba za mara 220, 330, na kuendelea; ya 7 ni 770. Kinanda hakina 770. Noti yake ya jirani ni 784. Kwa hiyo anayeimba 770 barabara, kama alivyomsikia bibi yake, programu iliyozoezwa kwa vinanda itamwambia ameshuka. Naogopa mwanachuo ataiamini simu, hasa ikiwa ndiyo inayompa alama, na kesho atawasahihisha watoto wa Chamwino wimbo wa babu zao.

Wapo wanaojibu kwamba programu inaweza kufundishwa mpangilio wa sauti wa Kigogo. Ni kweli, maana simu inapima mitetemo tu. Majina ya noti yamewekwa na watu. Ila kuifundisha kunataka rekodi nyingi, na rekodi hizo zina wenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inazitambua sanaa za jadi, basi akina mama wanaopiga ngoma ya muheme waulizwe kwanza, na walipwe.

Marehemu Hukwe Zawose, mzaliwa wa mkoa huu aliyefariki 2003, aliifikisha ilimba mbali bila kuibadili ifanane na kinanda. Sikio la namna hiyo linapatikana kwa kukaa karibu na mpigaji, ukitazama vidole gumba vyake, ukirudia mpaka akutikisie kichwa kwamba ndiyo.

Ningekuwa napanga ratiba ya chuo, muhula wa kwanza ningewaalika wapiga ilimba na zeze kutoka vijijini, kwa posho kamili ya mkufunzi. Simu zingeingia muhula wa pili. Zoezi la kwanza: kila mwanachuo aimbe ile sauti ya 7, asome simu inasema nini, kisha awaeleze wenzake kwa nini inamwambia ameshuka.