Kisiwa kilichofagiliwa watu

Ukitweka tanga Kisiju ukashika njia ya mashariki bila kupinda, Mafia ukaiacha mkono wa kulia, ukapita chini ya Shelisheli na kuendelea, baada ya kilomita zaidi ya 3,500 utafika kisiwa ambacho hutaruhusiwa kukikanyaga. Kinaitwa Diego Garcia. Jua linalochomoza kwetu limekwisha kupita kwao saa mbili na kitu mapema. Bahari ni moja, minazi ni ileile. Wenyeji tu ndio hawapo.

Nimezaliwa Mafia. Babu yangu alikuwa mkwezi, na harufu ya mbata ndiyo harufu ya utoto wangu. Labda ndiyo sababu habari za Visiwa vya Chagos, ambavyo Diego Garcia ni kimojawapo, haziniingii kama siasa za mbali. Watu wa kule waliishi kama sisi: walikwea minazi, wakafua nazi, wakakausha mbata, wakavua samaki, jioni wakapiga ngoma. Mababu zao walipelekwa na Wafaransa kuanzia mwishoni mwa karne ya 18, wengi wakiwa watumwa kutoka Madagaska na Msumbiji. Hao ni watu wa pwani hii hii, waliokwisha kung'olewa mara moja.

Walikuja kung'olewa mara ya pili kwa sababu Marekani ilitaka kambi.

Katika miaka ya 1960 wakuu wa jeshi la majini la Marekani walitafuta kituo katikati ya Bahari ya Hindi, mahali pa kuifikia Ghuba, Asia ya Kusini na Afrika Mashariki. Walikipenda Diego Garcia kwa wangwa wake wenye kina na ardhi yake tambarare inayofaa uwanja wa ndege. Mwaka 1965, Morisi ikiwa bado koloni, Uingereza ilivimega visiwa hivyo kutoka kwayo na kuunda koloni jipya. Mwaka uliofuata ikaipa Marekani Diego Garcia kwa miaka 50. Malipo hayakuwekwa wazi: kwa siri, Uingereza ilipunguziwa dola milioni 14 katika gharama za makombora ya nyuklia ya Polaris, na hata Bunge la Marekani halikuambiwa.

Marekani ilikitaka kisiwa hicho kikiwa kitupu. Maofisa wao walitumia lugha ya usafi, ya kufagia. Waingereza wakakubali kufagia. Mmoja wao mwaka 1966 aliandika kwenye waraka wa serikali kwa dhihaka kwamba kule kuna "Tarzan" wachache. Ili Umoja wa Mataifa usihoji, ikaamuliwa watu hao waitwe vibarua wa mkataba, wapita njia wasio na kwao. Kuna watu waliozaliwa pale, wazazi wao wakazaliwa pale, mabibi zao wakazikwa pale, na karani mmoja London akawaandika kuwa wapita njia.

Kati ya 1968 na 1973 waliondolewa wote, watu kati ya 1,500 na 2,000. Kwanza, waliokwenda Morisi kutibiwa au kutembelea ndugu walikatazwa kurudi. Kisha meli za vyakula zikapunguzwa. Mwaka 1971 ikaja zamu ya mbwa. Waliwafungia kwenye banda la kukaushia mbata, wakawaua kwa moshi wa magari, kisha wakawachoma. Niliposoma hilo niliweka kitabu chini. Banda la mbata nalijua. Nimecheza ndani yake.

Walionusurika na safari ya meli wametoa ushahidi wenyewe. Liseby Elysé, mwanamke wa Peros Banhos, sehemu nyingine ya Chagos, aliieleza Mahakama ya Kimataifa ya Haki mwaka 2018 jinsi walivyopakiwa gizani kama wanyama na watumwa. Alikuwa na miaka 20 na mimba ya miezi minne. Mtoto alikufa. Wengi walishushwa Port Louis bila nyumba wala kazi, na baadhi Shelisheli. Krioli yao ina neno, sagren, la huzuni inayomla mtu mpaka ikamwua, na wazee wa Chagos husema hivyo hivyo wakitaja marehemu wao: fulani alikufa kwa sagren.

Nimesikia vijiweni watu wakisema mwenye nguvu mpishe. Marekani ni dola kubwa, wanasema, ina haja zake za usalama, na usalama huo unatufaa hata sisi. Sitaki kulipuuza hili. Maharamia wa Kisomali walipotia hofu bahari hii miaka kumi na tano iliyopita, meli za kivita za mataifa mengi, za Marekani zikiwemo, zilisaidia kuwarudisha nyuma, na bidhaa zinazoshushwa Dar es Salaam na Mombasa zilipita salama zaidi kwa ajili hiyo. Sisemi jeshi hilo halina jema hata moja.

Ninachosema ni kwamba kambi hiyo haikuhitaji kumfukuza mtu. Peros Banhos na Salomon, visiwa vingine vya Chagos, ziko zaidi ya kilomita 200 kutoka Diego Garcia, ni kama kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro na kuzidi. Huko hapajajengwa uwanja wa ndege, wala hata gati la kijeshi. Lakini kufikia 1973 watu wake nao walikuwa wameondolewa. Na pale Diego Garcia penyewe, wapishi, wafuaji nguo na mafundi wengi wa kambi ni raia waliotolewa Ufilipino kwa mikataba ya kazi. Kwa hiyo raia wanaweza kuishi na kufanya kazi kandokando ya ndege za kivita bila siri za jeshi kuharibika. Okinawa Wajapani wanaishi ukutani kwa kambi za Marekani, na wanaandamana kuzipinga watakapo. Mafia kwetu mwaka 1915 Waingereza walileta ndege zao kuiwinda manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliyojificha Rufiji. Vita vilipita, watu wakabaki na minazi yao.

Kwa nini basi Wachagosi wasibaki? Jibu ninaloliona ni kwamba mwenyeji huuliza. Ana kaburi la mama yake pale, ana haki ya kupiga kura, siku moja atakwenda mahakamani au atadai bendera yake. Mfilipino wa mkataba akiuliza hurudishwa kwao. Jeshi lenye nguvu kuliko yote duniani liliogopa swali la mkwezi wa nazi.

Tazama kilichofanyika katika ukimya huo. Ndege za B-52 ziliruka kutoka Diego Garcia kwenda kupiga Irak mwaka 1991, Afghanistan mwaka 2001, Irak tena mwaka 2003. Kwa miaka serikali ya Uingereza ilikana kwamba kisiwa hicho kilitumika katika safari za siri za kusafirisha wafungwa wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Mwaka 2008 ikakiri: ndege mbili, kila moja na mfungwa wake, zilitua pale mwaka 2002. Pasipo na wenyeji, nani angeziona? Masika ya 2025, mabomu ya Marekani yakiendelea kuanguka Yemen, picha za setilaiti zilionyesha ndege za B-2 zimepangwa uwanjani pale. Wanajeshi wenyewe wanakiita kisiwa hicho Unyayo wa Uhuru, kwa sababu ukikitazama kutoka angani kina umbo la unyayo.

Bahari hii tuliwahi kuiombea amani. Mwaka 1971 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitangaza Bahari ya Hindi kuwa eneo la amani kwa kura 61 bila ya kupinga hata moja, nchi 55 zikijizuia, na Marekani ilikuwa miongoni mwa hizo zilizojizuia. Mwaka huohuo ndio ujenzi ulipoanza Diego Garcia.

Wachagosi hawakukaa kimya. Chini ya Olivier Bancoult walishinda katika mahakama ya London mwaka 2000, ushindi huo ukafutwa kwa amri ya kifalme mwaka 2004, na mwaka 2008 wakashindwa kwa majaji watatu dhidi ya wawili. Februari 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ikiongozwa na Msomali Abdulqawi Ahmed Yusuf, ilitoa maoni kwamba Uingereza inapaswa kukomesha utawala wake visiwani haraka iwezekanavyo. Katika Umoja wa Mataifa nchi 116 zikayaunga mkono maoni hayo, sita tu zikapinga, Marekani ikiwa mojawapo.

Mkataba ukatiwa saini tarehe 22 Mei 2025. Kwa maneno yake visiwa vitakuwa vya Morisi, lakini Diego Garcia itabaki mikononi mwa Uingereza, na kambi ya Marekani juu yake, kwa miaka 99, kwa wastani wa pauni milioni 101 kwa mwaka. Morisi itaruhusiwa kurudisha watu katika visiwa vingine, isipokuwa hicho. Alfajiri ya siku hiyohiyo wanawake wawili waliozaliwa Diego Garcia walipata zuio la mahakama, kwa kuwa hakuna aliyewauliza wanataka nini. Mchana zuio likaondolewa.

Miaka 99! Mtoto anayezaliwa leo Port Louis kwa wazazi wa Diego Garcia atazeeka na kufa kabla haijaisha.

Februari 2022 Wachagosi watano walifika Peros Banhos kwa meli iliyokodiwa na serikali ya Morisi, mara ya kwanza kurudi bila kusindikizwa na Waingereza. Bancoult, aliyeondoka pale akiwa mtoto, alikuwa mmoja wao. Waliinama wakaibusu ardhi. Kanisa limebaki kuta, paa limeanguka, minazi imeota ovyo kila mahali kwa kukosa wa kuipalilia. Wakashika mapanga, wakaanza kufyeka. Hapakuwa na askari wala kambi, wala ndege yoyote ya kivita.