Vipimo vya Malaria na TB Vikitoka Hasi, Kazi Ndiyo Inaanza

Hapa Kisumu mtu akianza kukonda, mtaa unamaliza kumpima kabla hajafika hospitali. Wa kwanza anasema ukimwi, wa pili anasema TB. Wodini nako tunafuata njia ileile: kipimo cha HIV, makohozi, malaria. Vyote vikitoka hasi, mgonjwa anaandikiwa multivitamini na kuambiwa arudi baada ya wiki mbili. Hilo linaniuma sana.

Maoni yangu ni kwamba kwa mwanafunzi anayesomea udaktari au uafisa wa kliniki huku magharibi mwa Kenya, somo la magonjwa ya homoni lianzie papo hapo, kwenye majibu hasi. Sasa hivi linaanzia kwenye mchoro wa tezi na mishale yake. Mwanafunzi anaikariri usiku wa mtihani, halafu anakutana na mtu mwenye uchovu wa miezi sita na hajui amuulize nini.

Mchukue mtoto wa miaka minane aliyeletwa na mamake kutoka Ahero. Anatapika, tumbo linamuuma, midomo imekauka, anapumua haraka. Ahero ni mpunga na mbu, kwa hivyo malaria inaingia akilini kabla mama hajaketi. Kama si malaria, basi nimonia. Lakini msogelee umtazame. Pumzi ni ndefu na nzito, ya mtu aliyetoka kukimbia, ilhali mapafu ukiyasikiliza ni safi. Sasa muulize mama: mtoto anakojoa? Aliyeishiwa maji kwa kuhara hukojoa kidogo sana. Mama huyu atakwambia anakojoa mno, tena siku hizi amerudia kukojoa kitandani, na jagi la maji analimaliza peke yake. Ugonjwa umeshajitaja: kisukari. Tone la damu na glukomita, kile kifaa kidogo cha kupima sukari, vitathibitisha kwa sekunde chache. Sukari ikiwa juu na ketoni zipo, yaani asidi ambazo mwili hutoa ukichoma mafuta kwa kukosa insulini, maji ya chumvi yatangulie, kwa kiasi kilichopigiwa hesabu ya uzani wake maana ubongo wa mtoto huweza kuvimba. Insulini ifuate baada ya saa moja hivi. Na potasiamu ichungwe, kwa sababu insulini huishusha. Insulini imekuwepo tangu kijana mgonjwa wa kisukari, Leonard Thompson, adungwe kule Toronto mwaka 1922. Mtoto kufa leo kwa kukosa kudungwa kidole ni jambo nisiloweza kulizoea.

Kwa watu wazima hesabu zinajulikana: sukari ya asubuhi kabla ya kula milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, ya wakati wowote 11.1 au zaidi pamoja na dalili, au HbA1c ya asilimia 6.5 kwenda juu, na asiye na dalili apimwe tena siku nyingine. Hiyo HbA1c wanafunzi wanaipenda kwa kuwa mgonjwa hahitaji kukaa na njaa. Lakini huku kanda ya ziwa inataka tahadhari. HbA1c inapima sukari iliyonata kwenye chembe nyekundu katika uhai wake wa miezi mitatu hivi. Mwenye selimundu (sickle cell) chembe zake hufa mapema, sukari haipati muda wa kunata, na namba inatoka nzuri wakati mtu anaumia. Aliyeongezewa damu juzi, namba yake nayo haitegemeki. Upungufu wa madini ya chuma, kinyume chake, unaweza kuipandisha. Namba ikigombana na mgonjwa, mwamini mgonjwa, kisha rudi kwenye sukari ya asubuhi.

Turudi kwa yule anayekonda. Muulize hamu ya chakula. Wa TB mara nyingi sahani yake inarudi jikoni haijaguswa. Mwenye tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, iliyochangamka kupita kiasi anamaliza ugali na kuomba mwingine, na bado suruali inamshuka. Mwambie anyooshe mikono, umwekee karatasi juu ya vidole, uone itakavyotetemeka. Hesabu mapigo ya moyo. Mpe maji anywe huku ukitazama shingo, uone kama kuna uvimbe wa tezi unaopanda akimeza. Haya yote ni bure, na ndiyo yanayoipa maana TSH, kipimo cha damu cha homoni inayoiamuru thairoidi, kwa sababu kipimo hicho mara nyingi mtu anakilipia kutoka mfukoni mwake. Kuagiza orodha nzima ya vipimo vya thairoidi kwa kila mama aliyechoka nakupinga kabisa. TSH kwanza.

Ukimwandikia kabimazoli, dawa ya kuituliza thairoidi, mweleze kwa lugha anayoielewa, iwe Kijaluo au Kiluhya, kwamba akipata homa na koo kuuma aiache dawa na aje apimwe damu siku hiyohiyo. Dawa hiyo mara chache humaliza chembe nyeupe, na kwetu homa hupelekwa moja kwa moja kununuliwa dawa za malaria. Na yule ambaye tezi yake imelala, anayevaa sweta kwenye jua la Kisumu, levothairoksini yake, yaani homoni ya thairoidi ya vidonge, aimeze kwa maji kabla ya kula. Chai ya maziwa isubiri angalau nusu saa.

Ninapopigia kelele zaidi ni tezi za adrenali, zile mbili zinazokalia figo na kutoa kotisoli, homoni inayousaidia mwili kustahimili ugonjwa. Daktari Thomas Addison alipoeleza ugonjwa wa tezi hizi kushindwa kazi mwaka 1855, TB ilikuwa chanzo kikubwa, na TB bado tunayo. Vitabu vinasema ngozi hubadilika kuwa nyeusi, na picha ni ya Mzungu. Mwanafunzi anamtazama mgonjwa wa Bondo au Busia na kuona ngozi ya kawaida. Mfungue kiganja, mistari imekoza weusi. Tazama fizi, ulimi, kovu la zamani. Muulize nduguye kama amekuwa mweusi kuliko zamani, maana yeye ndiye anayeijua rangi yake. Pima presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama. Mtu huyu akianzishiwa dawa za TB anaweza kuzidiwa badala ya kupata nafuu, kwa sababu rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, huharakisha ini kuvunja kotisoli naye hana akiba. Ukimkuta presha imeporomoka, sodiamu chini na potasiamu juu, mdunge haidrokotisoni, yaani kotisoli ya dawa, miligramu 100 na dripu ya maji ya chumvi. Damu ya kipimo itolewe kama inawezekana, ila dawa isisubiri majibu.

Uliza pia dawa za kunenepa zinazouzwa madukani, na krimu za kung'arisha ngozi. Nyingi zina steroidi, dawa za jamii ya kotisoli. Mtu akizitumia kwa muda mrefu na kuziacha ghafla, adrenali zake huwa zimelala.

Na swali la uzazi lisirukwe. Mama amechoka miaka miwili, hedhi haijarudi, presha iko chini, malaria hakuna, HIV hakuna. Muulize kama alivuja damu nyingi alipojifungua, na kama maziwa yalitoka. Maziwa yakikosa, mama husingiziwa mengi, na wengine huyaamini hayo kuliko kuja hospitali. Daktari Harold Sheehan alilieleza hili mwaka 1937: damu ikipotea nyingi, tezi ya pituitari chini ya ubongo hufa, na zile inazoziamuru zinalala pamoja nayo. Ukikuta homoni za thairoidi ziko chini usikimbilie levothairoksini, kwa sababu bila kotisoli inaweza kumtumbukiza kwenye hatari ya kufa. Haidrokotisoni itangulie, levothairoksini ifuate.