Ng'ambo haijui kutunza, watu ndio wanaotunza

Katika mazungumzo ya Waswahili tunaoishi Ulaya kuna kauli isiyokosekana: "Wenzetu wanajua kutunza." Husemwa mbele ya makumbusho, mbele ya maktaba, hata mbele ya kituo cha treni chenye saa inayofanya kazi, na kila mara nyumbani huingizwa katika mizani ili paonekane pepesi. Ninaishi Vilnius, mji mkuu wa Lithuania, na kadiri ninavyoyafahamu maisha ya Abraham Sutzkever, mshairi wa Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, ndivyo ninavyoishiwa na subira ya kuisikiliza kauli hiyo.

Sutzkever alizaliwa mwaka 1913 huko Smorgon, katika Belarus ya leo, akaishi utotoni Siberia ambako wazazi wake walikimbilia wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kisha akakulia hapa, wakati mji ukiitwa Vilna na ukiwa na magazeti, shule na maktaba za Kiyidishi, pamoja na YIVO, taasisi ya utafiti wa maisha ya Wayahudi iliyoanzishwa mwaka 1925. Wajerumani waliingia mwezi Juni 1941. Katika msitu wa Ponary, nje kidogo ya mji, Wayahudi wapatao 70,000 walipigwa risasi na kufukiwa mashimoni. Mama yake mshairi aliuawa, na mtoto wake mchanga akauawa katika hospitali ya geto, mtaa ambamo Wayahudi walifungiwa.

Wajerumani hao hao walikuwa na wataalamu wa vitabu, na hapo ndipo hadithi inapotugusa sisi wenye kusifu. Walimlazimisha Sutzkever na wasomi wenzake kuchambua hazina ya YIVO: sehemu ndogo ipelekwe Ujerumani kwa ajili ya taasisi iliyodai kuwachunguza Wayahudi kitaalamu, na sehemu kubwa ipelekwe kiwandani ikasagwe kuwa karatasi mpya. Wafungwa hao wakawa wanavificha vitabu, barua na miswada ndani ya nguo zao, wanapita navyo mbele ya walinzi wa lango la geto na kuvifukia, wakijua kwamba anayekamatwa huenda asiione kesho. Kwa maneno mengine, Ulaya iliyokuwa na makabati, orodha na wahifadhi wenye shahada ndiyo iliyokuwa ikiangamiza, na waliotunza ni watu wenye njaa.

Mwezi Septemba 1943 Sutzkever alitoroka pamoja na mkewe Freydke na mshairi mwenzake Shmerke Kaczerginski, wakajiunga na wapiganaji wa msituni karibu na ziwa Naroch, hadi ndege ya Kisovyeti ilipomchukua kumpeleka Moscow mwezi Machi 1944. Alirudi mji ulipokombolewa na kuanza kufukua yaliyofukiwa, akasaidia kuanzisha makumbusho ya Kiyahudi, ambayo Wasovyeti waliyafunga mwaka 1949. Makaratasi yakanusurika mara ya pili kwa sababu Antanas Ulpis, mkutubi wa Kilithuania asiye Myahudi, aliyaficha katika kanisa lililogeuzwa ghala la vitabu. Sinagogi Kuu, kwa upande wake, halikupata mtu wa namna hiyo: magofu yake yalibomolewa katika miaka ya 1950 na shule ikajengwa juu yake.

Kwa hiyo ndugu zangu wanapoisifu London kwa kuhifadhi miswada ya tenzi zetu iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, sikatai kwamba imehifadhiwa, lakini nawakumbusha kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina mkusanyiko wake, na kwamba miswada hiyo isingefika popote kama familia za Lamu, Mombasa na Unguja hazingeiweka masandukuni vizazi na vizazi, pamoja na joto, unyevu na mchwa.

Kuna jambo ambalo ng'ambo kweli hutuzidi, nalo ni ukaidi wa lugha. Kilithuania kina wasemaji wachache kuliko wakazi wa Dar es Salaam, lakini ndicho kinachotumika mahakamani na katika madarasa ya sekondari, ilhali kwetu Tanzania sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama ilikuja mwaka 2021, na mwanafunzi wa sekondari bado anafundishwa kemia kwa Kiingereza. Hata hivyo Kilithuania kina dola nyuma yake. Sutzkever hakuwa nayo.

Alifika Palestina mwaka 1947, na mwaka uliofuata ikazaliwa Israel, nchi iliyokitaka Kiebrania na kukiona Kiyidishi kuwa mabaki ya uhamishoni. Hata kabla ya hapo, mwanzoni mwa mwaka 1945, Rozka Korczak, mpiganaji wa msituni aliyetoka Vilna, alieleza kwa Kiyidishi mbele ya viongozi wa wafanyakazi yaliyowapata Wayahudi, na Ben-Gurion, ambaye baadaye alikuwa waziri mkuu wa kwanza wa Israel, akalalamika kwamba lugha aliyoitumia ni ngeni. Abba Kovner, aliyeongoza wapiganaji wa Vilna, alijenga jina lake la ushairi kwa Kiebrania, na simlaumu. Sutzkever aliendelea na Kiyidishi, ingawa wengi kati ya milioni 6 waliouawa walikuwa wasemaji wake.

Ushairi wake unastahili makala nyingine, ukiwemo ule aliouandika baada ya safari yake ya Afrika mwaka 1950. Ninachomwonea wivu ni kazi yake ya uhariri. Mwaka 1949 alianzisha jarida la Di goldene keyt kwa msaada wa Histadrut, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, akalihariri hadi mwaka 1995, jumla ya matoleo 141, huku akiwavuta waandishi chipukizi waliokuwa wakiambiwa kwamba lugha yao haina kesho. Jumuiya zetu za ughaibuni huchanga kwa misiba, arusi na sherehe za Uhuru, na michango hiyo ina heshima yake. Katika vikao nilivyohudhuria sijasikia ajenda ya kuchapisha hata kijitabu kimoja cha hadithi za Kiswahili zilizoandikwa na watu wetu walioko huku, ingawa ukumbi mmoja wa sherehe hukodishwa kwa fedha zinazozidi gharama ya kukichapa.