Ngonjera ya mtoto nayo ina mwenyewe

Muhula uliopita binti mmoja wa Kidato cha Pili alinifuata ofisini akiwa na karatasi ameikunja mara nne. "Shikamoo mwalimu. Hii si ngonjera yangu?"

Ilikuwa yake. Aliitunga mwenyewe, juu ya bibi yake anayetwanga uwele huko Chamwino, na wenzake wakaighani siku ya mahafali. Sasa imechapwa upya na kutiwa kwenye kijitabu cha mazoezi kinachouzwa steshenari moja hapa mjini Dodoma. Beti zote sita zimo, jina lake halimo. Hakuniuliza habari ya pesa. Aliuliza, "Mbona wamenitoa?"

Kwa miaka mingi nimefundisha hakimiliki kwa makatazo: msidese, msikopi, huo ni wizi. Darasa linaitikia "Ndiyo mwalimu", kisha linakwenda kudesa. Siku ile nilitambua kwamba nilikuwa naanzia mkiani. Hawa watoto ni watunzi tayari, na hakuna aliyewahi kuwaambia.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 haimtaki mtunzi ajisajili kwanza ndipo alindwe. Akishatunga, kazi ni yake, awe profesa wa Chuo Kikuu cha Dodoma kule Chimwaga au mtoto wa miaka 15. Ulinzi unadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Hesabu hiyo tuliifanya ubaoni: aliyezaliwa 2010 akijaliwa kufika miaka 80, atafariki 2090, na ngonjera yake italindwa hadi 2140. Kijana wa dawati la nyuma akauliza, "Kwa hiyo wajukuu zake wataikuta?" Wataikuta. Tukageuza hesabu kwa Shaaban Robert, aliyefariki 1962, wakaona wenyewe kwamba miaka 50 yake ilitimia 2012.

Upo mkanganyiko mwingine unaonisumbua sana. Wanafunzi, na walimu pia, wamesoma mtandaoni kuhusu "matumizi ya haki" (fair use) ya Marekani, yaani kutumia kazi ya mtu bila kumwomba ruhusa pale sheria inapokubali, wakadhani neno "elimu" linahalalisha kila kitu. Ile ni sheria ya wenzetu ya mwaka 1976, na hata huko mahakama hupima mambo manne: lengo la matumizi, aina ya kazi, kiasi kilichochukuliwa, na hasara kwa soko la mwenye kazi. Sheria yetu ina utaratibu wake. Inaruhusu kunukuu kwa kiasi kinachostahili, na kutumia kazi ya mtu kama kielelezo cha kufundishia, ila utaje chanzo na jina la mtunzi. Hapo kwenye jina ndipo tunapoanguka.

Najua shida ya vitabu. Nimefundisha darasa ambalo wanafunzi watano wanainamia kitabu kimoja, na mwalimu anayetoa kopi ya kurasa mbili ili kipindi kiende simlaumu hata kidogo. Kudurufu kitabu kizima, kukibana pini na kukiuza ni jambo jingine kabisa, na tusilifunike kwa huruma ya wanafunzi.

Tujitazame na sisi. Ni mara ngapi tumeandika shairi ubaoni bila mtunzi, tukaanza tu kuuliza dhamira? Siku hizi chini ya kila kifungu naandika jina, kitabu na mwaka. Nusu dakika haiishi. Hata wanaporekodi hadithi za Kigogo kwa ajili ya fasihi simulizi, nataka jina la msimuliaji na kijiji chake, na nataka wawe wamemwomba ruhusa. Sheria hiyohiyo inazilinda hadithi, nyimbo na ngoma za jadi, na Ugogo, wenye zeze, marimba na ngoma ya muheme, una mengi ya kulindwa.

Steshenari tulikwenda watatu: mimi, binti na mama yake. Mwenye duka alisema aliletewa kazi ile kwenye flashi, hakujua ni ya nani. Alisikiliza, akazitoa rafuni nakala zilizobaki. Mama akamwambia kwamba kama anataka kuendelea kuiuza, waje wakae waelewane kwanza. Akakubali, akafungua kompyuta, akamwuliza binti jina lake linaandikwaje. Binti akamtajia yote matatu, herufi kwa herufi.